Mizigo ya Wayahudi Waliokimbia Ujerumani, 1933–1941

Kati ya mwaka 1933, Adolf Hitler aliposhika madaraka, na Oktoba 1941, serikali yake ilipopiga marufuku Wayahudi kuhama, zaidi ya nusu ya Wayahudi wa Ujerumani waliikimbia nchi yao. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu viza zilizowakwamia na meli walizopanda, ilhali mizigo yao, ambayo ndiyo iliyopekuliwa na maofisa kuliko kitu kingine chochote, hutajwa kwa kupita tu. Mizigo hiyo haikuwa chaguo huru la mwenye nyumba, kwani kila kijiko kilichotiwa sandukuni kilikuwa kimeshapitiwa na sheria.

Chanzo cha udhibiti huo kilikuwa fedha. Kodi iliyoitwa Reichsfluchtsteuer, yaani kodi ya kuikimbia nchi, ilianzishwa mwaka 1931, kabla ya utawala wa Wanazi, ili kuwazuia matajiri wasihamishe mitaji wakati wa mdororo wa uchumi; Wanazi waliirithi na kuigeuza chombo cha kuwanyang’anya Wayahudi robo ya mali yao. Kilichobaki kilifungiwa katika akaunti maalumu, na aliyetaka kukibadilisha kwa fedha za kigeni alipoteza sehemu kubwa ya thamani yake, hasara ambayo kufikia Septemba 1939 ilikuwa asilimia 96. Taslimu zilizoruhusiwa kuvuka mpaka zilikuwa marki 10 tu kwa mtu.

Kwa kuwa fedha hazikutoka, familia zilinunua vitu: mashuka, kamera, vyerehani, zana za ufundi, chochote ambacho kingeweza kutumika au kuuzwa ugenini. Serikali iliigundua njia hiyo na kuiziba. Kila familia ililazimika kuandika orodha ya vitu vyote, hadi soksi na vitambaa vya meza, na kuvitenganisha vilivyonunuliwa kabla ya 1933, vilivyonunuliwa baadaye, na vilivyonunuliwa kwa ajili ya safari. Kwa vile vipya ilitozwa ada ambayo iliweza kulingana na bei yote ya kitu chenyewe, ikilipwa kwa Golddiskontbank, benki iliyokuwa chini ya benki kuu. Ofisa wa forodha aliweza kusimama chumbani wakati wa kufunga mizigo, akiwa na orodha mkononi.

Pigo zito zaidi lilikuja Februari 1939, Wayahudi walipoamriwa kupeleka dhahabu, fedha, vito na lulu zao katika ofisi za rehani za serikali, walikolipwa sehemu ndogo tu ya thamani halisi. Waliachiwa pete za ndoa, saa za fedha, na seti mbili za vyombo vya kulia kwa kila mtu, yaani kisu, uma, kijiko na kijiko cha chai. Vinara vya kuwashia mishumaa ya Sabato na vikombe vya kubarikia divai, ambavyo vilirithiwa kizazi hadi kizazi, navyo vilichukuliwa kama madini ya kupimwa kwa gramu. Huo ulikuwa wizi, hata kama mwenye mali alikabidhiwa stakabadhi.

Kenya, ikiwa koloni la Uingereza, ilipokea idadi ndogo ya wakimbizi hao, na miongoni mwao alikuwa Stefanie Zweig, aliyefika akiwa mtoto mwaka 1938. Katika riwaya yake ya mwaka 1995, inayotokana na maisha ya familia yake, baba aliyetangulia anaagiza aletewe jokofu, lakini mama anakuja na gauni la jioni. Msomaji anayeona hapo upuuzi mtupu anamwonea mke huyo wa mwanasheria, kwani alifungasha kwa ajili ya maisha pekee aliyoyajua, na hapakuwa na mtu wa kumweleza jinsi shamba la Kenya lilivyo.

Watoto wapatao 10,000 waliopelekwa Uingereza bila wazazi kuanzia Desemba 1938 walibeba kidogo zaidi: sanduku dogo na namba iliyoning’inizwa shingoni.

Familia zilizoweza kulipia zilituma samani zao ndani ya makasha makubwa ya mbao yaliyoitwa “lift”, yaliyopakiwa melini kwa winchi. Vita vilipoanza Septemba 1939, maelfu ya makasha hayo yalikwama katika bandari za Hamburg na Bremen. Gestapo, polisi wa siri, waliyataifisha, vitu vikauzwa mnadani, na raia wa kawaida wakanunua vitanda, piano na nguo za watoto kwa bei nafuu, huku mapato yakiingia katika hazina ya dola. Makumbusho ya usafiri wa bahari yaliyoko Bremerhaven yanaendelea kukusanya kumbukumbu za makasha hayo ili kubaini yalikuwa ya nani na vitu vyake viliishia wapi, na warithi wanastahili kurudishiwa kila kinachopatikana.