Amsterdam: Kulala katikati ya jiji lililojengwa juu ya nguzo za mbao

MSAFIRI anayeshuka katika uwanja wa ndege wa Schiphol akitoka Nairobi hukanyaga mahali palipokuwa ziwa hadi mwaka wa 1852, wakati maji yake yalipomalizwa kuvutwa kwa mitambo ya mvuke. Uwanja huo uko mita kadhaa chini ya usawa wa bahari. Jiji lenyewe la Amsterdam, lililo mwendo wa takriban dakika 15 kwa garimoshi, nalo ni zao la kazi iyo hiyo ya kuyaelekeza maji yaende yanakotakiwa.

Ndiyo maana mgeni atakaye kulielewa jiji hili hushauriwa kulala katika nyumba ya wageni iliyo katikati, baina ya mifereji yake, kisha alizunguke kwa miguu. Hata hivyo, kitanda hicho cha katikati ndicho kilichozua mvutano mkubwa kati ya wenyeji, wafanyabiashara na baraza la jiji katika miaka ya karibuni. Makala haya yanaeleza jiji lilivyojengwa, yanayofaa kuonwa, na masharti ambayo mgeni anapaswa kuyajua kabla ya kulipia chumba.

Chanzo cha mifereji

Jina la Amsterdam linatokana na bwawa lililojengwa kuvuka mto Amstel katika karne ya 13. Hati kongwe zaidi inayolitaja ni ya tarehe 27 Oktoba 1275, ambapo mtawala wa Holland, Floris wa Tano, aliwaondolea wakazi wa kando ya bwawa hilo ushuru wa kupitisha bidhaa zao. Kwa sababu hiyo jiji liliadhimisha miaka 750 mnamo 2025.

Mifereji mashuhuri ilikuja baadaye. Kufuatia kuundwa kwa Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki mwaka wa 1602, biashara ilipamba moto na wahamiaji wakamiminika. Mnamo 1613 kazi ya kuchimba mifereji mipya ilianza nje ya Singel, uliokuwa handaki la kuulinda mji wa kale. Mitatu mikuu ni Herengracht, yaani mfereji wa mabwana. Keizersgracht, wa kaizari. Na Prinsengracht, wa mwanamfalme. Yote huuzunguka mji wa kale mithili ya mwezi mchanga, mmoja nyuma ya mwingine.

Mpango huo uliwatenga watu kwa mali zao. Matajiri walipewa kingo za mifereji hiyo, ilhali mafundi, vibarua na wahamiaji walisukumwa upande wa magharibi, katika mtaa wa Jordaan. Hadi leo tofauti hiyo inaonekana kwenye ramani: barabara za Jordaan zimekaa mshazari kwa sababu zilifuata mitaro na vijia vya mashamba yaliyokuwapo, wala hakuna aliyegharamika kuzinyoosha. Mwaka wa 2010, eneo la mifereji ya karne ya 17 liliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO.

Nguzo zisizoonekana

Ardhi ya Amsterdam ni tope na mboji laini. Ili nyumba isizame, wajenzi walipigilia nguzo ndefu za mbao hadi zikafikia tabaka la mchanga mgumu, kisha wakajenga juu yake. Jumba la kifalme lililo katika uwanja wa Dam, ambalo lilianza kujengwa mwaka wa 1648 likiwa makao ya serikali ya jiji, husemwa kuwa limesimama juu ya nguzo 13,659.

Mbao hizo hudumu kwa karne nyingi mradi zimefunikwa na maji, kwani kuvu wanaoozesha mti huhitaji hewa. Maji yakishuka na vichwa vya nguzo vikabaki wazi, uozo huanza. Kwa hivyo kiwango cha maji hapa ni suala la uhai wa majengo. Malango yaliyojengwa katika mto Amstel katika miaka ya 1670 yalisaidia kuyadhibiti maji, na baada ya ukuta mkubwa wa Afsluitdijk kukamilika mwaka wa 1932, ghuba ya Zuiderzee iligeuka kuwa ziwa, na mawimbi ya bahari yakakoma kulifikia jiji kutoka upande huo.

Pamoja na hayo, kazi haijaisha. Tarehe 1 Septemba 2020, sehemu ya ukuta wa ukingo iliporomoka katika mfereji wa Grimburgwal, ingawa hakuna aliyejeruhiwa. Kuta hizo zilijengwa enzi ya mikokoteni, na sasa hubeba malori. Baraza la jiji limo katika mpango wa miaka mingi wa kukagua na kukarabati takriban kilomita 200 za kuta na mamia ya madaraja. Mgeni asishangae akikuta upande mmoja wa mfereji umezungushiwa vyuma.

Ndani ya nyumba ya wageni

Nyumba nyingi za wageni za katikati zimo ndani ya majengo ya zamani ya wafanyabiashara. Viwanja vya kando ya mifereji vilikuwa ghali, hivyo nyumba zikawa nyembamba kwa mbele na ndefu kuelekea nyuma. Sakafu za juu zilitumiwa kama ghala. Ukiinua macho utaona boriti yenye kulabu ikichomoza kileleni pa nyumba nyingi: hapo ndipo kapi na kamba ziliponing'inizwa ili kupandisha mizigo, na nyumba nyingi ziliinamishwa mbele kidogo makusudi ili mzigo usigonge ukuta. Hata leo makabati na vitanda hupitishwa madirishani.

Sababu ni ngazi. Ngazi za nyumba hizi ni za wima karibu kama za kupandia darini, na mara nyingi hakuna lifti. Mzee, mwenye maumivu ya magoti au mzazi mwenye mtoto mchanga hana budi kuuliza mapema chumba kiko orofa ya ngapi. Aidha, chumba kinachotazama mfereji huwa na mandhari mazuri lakini pia kelele za mashua na walevi, hasa karibu na Leidseplein, Rembrandtplein na mtaa wa madanguro wa De Wallen. Anayetaka utulivu ataupata zaidi Jordaan au Plantage.

Matembezi ya siku moja

Njia ifuatayo haizidi kilomita tano hivi. Anzia kituo kikuu cha garimoshi, kilichofunguliwa mwaka wa 1889 juu ya visiwa vya kutengenezwa, kisha ufuate barabara ya Damrak hadi uwanja wa Dam. Geuka magharibi uvuke Singel, Herengracht na Keizersgracht kwa zamu. Hapo ndipo utakapoufahamu mpangilio wa mifereji bila kuhitaji maelezo.

Kando ya Prinsengracht limesimama kanisa la Westerkerk, alikozikwa mchoraji Rembrandt mwaka wa 1669. Karibu nalo, nambari 263, ndiyo nyumba ambamo msichana Myahudi Anne Frank na wenzake walijificha tangu Julai 1942 hadi walipokamatwa na Wanazi tarehe 4 Agosti 1944. Nyumba hiyo imekuwa makumbusho tangu 1960. Tiketi zake huuzwa kwenye intaneti pekee, na huisha upesi. Asiyenunua wiki kadhaa kabla atabaki kutazama mlango tu.

Pitia Jordaan, kisha urudi kusini hadi Herengracht, mahali mfereji unapopinda na majumba makubwa kupita yote yamejipanga. Endelea hadi Reguliersgracht, ambako madaraja saba huonekana kwa mstari mmoja, na umalizie kwenye daraja jeupe la Magere Brug juu ya mto Amstel.

Utajiri ulikotoka

Majumba hayo hayakujengwa kwa biashara ya viungo na nafaka pekee. Tangu 1683 jiji la Amsterdam lilimiliki thuluthi moja ya shirika lililotawala koloni la Suriname, ambako Waafrika walifanyishwa kazi ya utumwa katika mashamba ya miwa na kahawa. Nyumba ya Herengracht nambari 502, ambayo ni makao rasmi ya meya, ilijengwa kwa ajili ya Paulus Godin, tajiri aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa biashara hiyo. Mnamo 2006 bamba la ukumbusho liliwekwa mbele yake.

Uholanzi ilipiga marufuku utumwa katika makoloni hayo tarehe 1 Julai 1863, lakini Suriname wengi walilazimishwa kuendelea na kazi kwa miaka 10 zaidi. Meya Femke Halsema aliomba msamaha kwa niaba ya jiji tarehe 1 Julai 2021, naye Mfalme Willem-Alexander akafanya vivyo hivyo tarehe 1 Julai 2023. Kwa msafiri kutoka Afrika, kupita mbele ya majumba haya bila kulijua hili ni kuona nusu ya jiji.

Mvutano kuhusu wageni

Kadiri watalii walivyoongezeka ndivyo wamiliki wengi walivyoona faida ya kumkodisha mgeni wa usiku mmoja badala ya mpangaji wa mwaka. Kodi zikapanda, na wenyeji wakalalamika kwamba majirani wamegeuka masanduku ya magurudumu. Jiji lilijibu kwa sheria. Mwaka wa 2019 siku ambazo mwenye nyumba angeweza kuikodisha yote kwa watalii zilipunguzwa kutoka 60 hadi 30 kwa mwaka. Tangu 2021 kila nyumba au chumba cha aina hiyo sharti kiwe na nambari ya usajili. Mnamo 2024 jiji liliamua kuwa hoteli mpya isijengwe ila pale nyingine inapofungwa.

Gharama nazo zimepanda. Ushuru wa jiji kwa wageni ulipanda hadi asilimia 12.5 mwaka wa 2024, na ushuru wa VAT kwa malazi ukapandishwa kutoka asilimia 9 hadi 21 kuanzia Januari 2026. Kwa viwango hivyo, chumba ambacho bei yake kabla ya ushuru ni euro 100 humgharimu mgeni euro 133.50. Bei inayoonekana nafuu mno huenda haijajumlisha ushuru huo, au huenda chumba hakijasajiliwa.

Mambo ya kuzingatia

Mkenya anahitaji viza ya Schengen, na waombaji huwa wengi kabla ya msimu wa kiangazi, aanze mapema. Kabla ya kulipia chumba, aitafute nambari ya usajili kwenye tangazo lake. Akiikosa, asilipe: nyumba inaweza kufungwa na mgeni akabaki njiani na mizigo yake.

Mwezi wa Aprili hupendeza kwa maua ya tulipu, lakini vyumba huwa ghali, hasa karibu na sikukuu ya Mfalme tarehe 27. Desemba jua huchwa mapema, kabla ya saa kumi na moja jioni. Mabasi na tramu hulipiwa kwa kadi ya benki, inayoguswa kwenye kifaa wakati wa kupanda na wa kushuka. Kivuko cha nyuma ya kituo kikuu huwavusha watu hadi Noord bila malipo.

Mwisho, asitembee kwenye njia nyekundu zilizotengewa baiskeli. Waendeshaji wake huenda kasi, na hawamngojei mtu anayepiga picha.