Bwana Bryan na Kura za Mwaka 1896

Palikuwa na mtu katika Marekani, jina lake William Jennings Bryan, aliyegombea Urais wa nchi ile mara tatu, akashindwa mara tatu: mwaka 1896, mwaka 1900 na mwaka 1908. Aliyeshindwa husahauliwa upesi, lakini huyu hakusahauliwa. Alikuwa msemaji wa ajabu, tena Mkristo asiyeona haya kuitaja imani yake mbele ya wakubwa. Kwa ajili ya hayo twampenda. Walakini kila tusomapo habari zake mioyo yetu hugawanyika, na leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu sababu yake.

Bryan alizaliwa mwaka 1860 katika jimbo la Illinois, akahamia Nebraska mwaka 1887 kufanya kazi ya uwakili. Nebraska ni nchi ya wakulima, na siku zile wakulima walikuwa katika taabu kubwa. Bei ya mazao ilishuka mwaka hata mwaka, lakini madeni yao hayakushuka. Fikiri mtu aliyekopa mali ya thamani ya magunia mia ya ngano. Baada ya miaka kadha wa kadha bei imeanguka, naye hana budi kuuza magunia mia na hamsini ili alipe deni lilelile, na riba juu yake. Wengi walinyang'anywa mashamba yao kwa njia hiyo, wala hawakuwa wavivu.

Wakulima walisema kwamba chanzo cha taabu ni sarafu kuwa haba. Zamani mtu ye yote aliweza kupeleka dhahabu au fedha yake serikalini ikapigwa sarafu. Sheria ya mwaka 1873 ikaondoa haki hiyo kwa upande wa fedha. Kiswahili chetu huyaita madini haya na mali ya kununulia vitu kwa neno moja tu, na hapo hasa ndipo palipokuwa na ugomvi wao: je, fedha na iwe fedha tena? Wenye benki wa mashariki walisema dhahabu peke yake yatosha. Wakulima walitaka zote mbili, kwa kipimo cha wakia 16 za fedha kwa wakia moja ya dhahabu.

Tarehe 9 Julai, 1896, chama cha Democratic kilikuwa kimekutana Chicago. Bryan alisimama kusema juu ya jambo hili, naye alikuwa na umri wa miaka 36 tu, mmoja zaidi ya ule ambao katiba yadai kwa Rais. Mwisho wa hotuba yake alitaja taji la miiba na msalaba, akaifananisha dhahabu na msalaba wanaotundikwa watu wa kazi. Kisha akanyosha mikono yake kama mtu aliyesulibiwa, akasimama hivyo kimya. Watu walinyamaza kitambo, halafu wakapiga makelele, wakamchukua mabegani. Kesho yake alichaguliwa awe mgombea wa chama. Kwa upande wetu twasema wazi kwamba hatupendi msalaba wa Bwana utumiwe katika shauri la sarafu. Lakini mkulima aliyefukuzwa shambani mwake alijua ni maumivu gani yanayotajwa.

Kisha akaanza safari. Desturi ya siku zile ilikuwa mgombea akae kwake kwa heshima, na watu wengine wamsemee. Bryan aliivunja. Alisafiri kwa gari la moshi yapata maili 18,000, akatoa hotuba zipatazo 600, pengine akisema nyuma ya gari kabla halijaondoka stesheni. Mshindani wake, William McKinley wa chama cha Republican, alikaa barazani kwake mjini Canton, Ohio, nao watu waliletwa kwa maelfu kumsikiliza. Rafiki yake tajiri Mark Hanna alikusanya kwa wenye viwanda na benki dola zipatazo milioni tatu na nusu. Bryan hakupata hata theluthi ya hizo.

Tarehe 3 Novemba kura zilipigwa. McKinley alipata kura za wajumbe wa majimbo 271, Bryan 176. Kwa hesabu ya watu, McKinley alipata kama milioni 7.1 na Bryan milioni 6.5. Wafanya kazi wa mijini hawakumfuata, kwa maana waliogopa bei ya mkate ingepanda na mshahara ukabaki palepale. Na twaona hofu yao haikuwa ya kijinga. Bryan hakununa. Alimpelekea McKinley simu ya kumpongeza, akisema watu wamekwisha kuamua, nalo lilikuwa jambo jipya. Tangu hapo likawa desturi ya walioshindwa katika nchi ile. Baadaye dhahabu nyingi ilipatikana Afrika ya Kusini na Klondike, sarafu zikaongezeka, bei ya mazao ikapanda, na lile shauri la fedha likafa lenyewe.

Kama habari ingeishia hapo, tungemsifu bila kusita. Lakini na tuzitazame zile kura 176. Kumi na nane zilitoka Mississippi na South Carolina, tisa kila jimbo. Katika majimbo hayo mawili watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe, nao walikuwa wamenyimwa kura kwa hila za katiba mpya, Mississippi mwaka 1890 na South Carolina mwaka 1895: kodi ya kura, na mtihani wa kusoma uliohukumiwa na karani mweupe apendavyo. Waliofanya hayo ni watu wa chama cha Bryan. Mkulima mweusi wa pamba alikuwa na deni kuliko mkulima wa Nebraska, lakini yule mtetezi wa watu wa kawaida hakumtetea.

Tena si kwamba hakujua maana ya haki hiyo. Mwaka 1900 alizunguka nchi nzima akisema kwamba si halali Marekani kuwatawala watu wa Ufilipino bila wao kukubali. Alisema vema sana. Mwaka uliofuata Rais Roosevelt alimkaribisha Booker T. Washington, mwalimu mweusi, kula chakula katika Ikulu. Bryan akamlaumu Rais katika gazeti lake. Hapo ndipo mioyo yetu huuma. Sisi tulio walimu, tuliofundishwa kwamba meza ya Bwana ni moja, twasoma maneno hayo tukafunga kitabu.

Mwaka 1924, mwaka uleule alipofika kwetu Afrika ya Mashariki Dkt. Aggrey, aliyekuwa amekaa miaka mingi akifundisha North Carolina, chama cha Bryan kilikutana New York. Wengine walitaka kulilaani kwa jina kundi la Ku Klux Klan, lililowatesa watu weusi. Bryan, mzee sasa, alisimama kuomba jina lisitajwe, ili chama kisivunjike. Shauri likaamuliwa kama alivyotaka, kwa tofauti isiyofika kura moja nzima. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1925, alifariki dunia.

Hata hivyo mwaka 1908, alipogombea mara ya tatu, W. E. B. Du Bois, mwanachuoni mweusi asiyeogopa mtu, aliwashauri watu wake wampigie Bryan kura. Alikijua chama chake vema. Lakini mwaka 1906 Roosevelt alikuwa amewafukuza jeshini askari weusi 167 bila kuhukumiwa, na Taft, mgombea wa Republican, alikuwa Waziri wake wa Vita. Bryan alipata kura za wajumbe 162, Taft 321, naye hakugombea tena.