"Tiba Shufaa": Istilahi na Safari Yake Hadi Qurus

Miongoni mwa istilahi za uuguzi iko moja ambayo, ikifasiriwa vibaya, humpotosha mgonjwa mwenyewe: tiba shufaa. Nayo ni huduma ya kupunguza maumivu na dhiki ya mwenye maradhi mazito, hata yale yasiyo na dawa ya kuyaondoa, pamoja na kuwasaidia jamaa zake.

Cicely Saunders alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967. Balfour Mount, alipoanzisha wodi yake Montreal mwaka 1975, aliliepuka neno hospisi, kwa kuwa wasemaji wa Kifaransa walisikia ndani yake makao ya mafukara. Akachagua neno litokanalo na Kilatini, pallium, yaani joho. Nairobi ilipata hospisi mwaka 1990, Uganda 1993, na Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ikaanza huduma hiyo mwaka 1999.

Waliotupatia istilahi ya Kiswahili hawakutafsiri joho. "Shufaa" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kidini ni uombezi. Hapo pana mtego, kwani jirani yake, "shifaa", ni uponyaji: irabu moja ikikosewa, mgonjwa ameahidiwa asichoweza kupewa. Hata hivyo mzizi wa "shufaa" ndio ule ule wa "shufwa" ya hesabu, namba igawanyikayo kwa mbili. Wazo lake la asili ni aliye peke yake kupata wa pili. Kwa maoni yetu, ni vigumu kuieleza kazi hii vizuri zaidi.

Lakini uzuri huo hausikiki Qurus, wilayani Karatu, ambako lugha ya kwanza ya wazee wengi ni Kiiraqw. (Jina la mahali lenyewe lina q, herufi isiyomo katika alfabeti yetu, wala hatupendekezi iondolewe.) Mkutano wa Afya Duniani uliazimia mwaka 2014 kwamba huduma hii iingizwe katika mifumo ya afya, tangu ngazi ya msingi. Kwa mzee asiyeinuka kitandani, azimio hilo lina maana moja: huduma imfuate nyumbani. Muuguzi wa zahanati amuulize maumivu yake, mofini ya kunywa isikatike, mwana au mkwe afundishwe kumgeuza asipate vidonda. Yote hayo hutanguliwa na maelezo, na maelezo hupita kwa mkalimani, ambaye mara nyingi ni mjukuu.

Katika fomu na barua za serikali "tiba shufaa" ibaki. Mbele ya mgonjwa tungependelea "matunzo ya kupunguza maumivu", na mkalimani aambiwe mapema kwamba "tiba" hapa haiahidi kupona. Kisawe cha Kiiraqw watakitoa wenye lugha yao.