Dhamana na Marudi ya Mwendesha Kinu cha Nyuklia

Yako maneno ambayo lugha huyahitaji kabla ya wasemaji wake kukiona kitu chenyewe, na mojawapo ni jina la mtu aketiye mbele ya meza ya vipimo na swichi katika chumba cha kuongozea kinu cha nyuklia, ambaye dola imemtahini, imempima afya, imemwandika katika daftari lake, na kwa sababu hiyo mkono wake umeruhusiwa, na mkono wa mwingine umekatazwa, kuongeza au kupunguza nguvu ya moto ule usioonekana. Tanzania haina kinu cha umeme cha namna hiyo hadi leo. Hata hivyo, sisi tukaao Makole, ndani ya mji wa Dodoma, hatuko mbali na jambo hili kama mtu awezavyo kudhani. Kwani upande wetu wa magharibi, katika mbuga za Bahi na kisha Manyoni, watafiti wa madini walikwisha kuipima urani iliyolala katika udongo wa mabondeni, na Bunge liketilo katika mji huu huu ndilo lililopitisha Sheria ya Nguvu za Atomiki, Namba 7 ya mwaka 2003, iliyoweka Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania mahali pa ile Tume ya Taifa ya Mionzi iliyozaliwa kwa sheria ya mwaka 1983.

Tuanze na kinu. Wako waliosema tanuri la nyuklia, kwa kuwa ndani yake mna joto kali, na wako waliosema mtambo, ambalo ni jina pana mno, linaloingiza majengo, mabomba na nyaya zote za kituo. Kinu ndilo neno lililoshika katika magazeti na redio, nami naliona ni jema, maana lugha yetu tangu zamani hailifungi katika kutwanga nafaka peke yake, bali hulitumia kwa kila chombo kikubwa ambacho kitu huingia kikiwa na sura moja na kutoka kikiwa na nyingine. Katika kinu hiki viini vya urani hupasuliwa, vikatoa joto na vipande vidogo viendavyo kupasua viini vingine. Na kazi ya mwendesha kinu, ukiivua mapambo yote ya kitaalamu, ni kuuzuia mfululizo huo usizime pasipo haja wala usizidi kipimo.

Taabu huanza katika neno opereta, ambalo limechukuliwa na wengi bila kuchunguzwa. Katika mikataba ya mataifa, hususan ule Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 uhusuo fidia ya madhara ya nyuklia, opereta ni kampuni au shirika lililotajwa na dola kuwa ndilo lenye kituo, na ndilo litakalolipa watu wakidhurika. Katika kanuni za chumba cha kuongozea, opereta ni mwanadamu mmoja mmoja, mwenye jina, sahihi na cheti cha daktari. Hawa ni wawili, na leseni zao ni mbili, na adhabu zao hazifanani. Kiswahili kikiwaita wote opereta, basi siku ya taksiri kampuni itajificha nyuma ya mtumishi wake, au mtumishi atajificha nyuma ya kampuni, na hakimu atapata kazi ya kuwatenganisha watu ambao lugha imewachanganya. Kwa hiyo napendekeza kampuni iitwe mwenye kinu, na mtu yule aitwe mwendesha kinu mwenye leseni.

Ili msomaji aone uzito wa leseni hiyo, na atazame Marekani, ambako kanuni zake zimeandikwa kwa urefu kuliko mahali pengi. Leseni hupewa mtu kwa kinu kilichotajwa, hata akihamia kituo kingine haihami naye. Muda wake ni miaka 6. Daktari humkagua mwenye leseni kila baada ya miaka 2. Na kila mwaka hujaribiwa kwa vitendo, aghalabu katika chumba cha mfano kilichojengwa sawasawa na kile cha kweli, ambamo walimu humletea misiba ya kubuni ili waone atakavyoikabili. Asipokaa zamuni kwa kadiri iliyowekwa, yaani zamu 7 za saa 8 au zamu 5 za saa 12 katika kila robo ya mwaka, leseni yake huhesabiwa imelala, naye hawezi kugusa swichi mpaka iamshwe upya chini ya uangalizi. Daraja ni mbili: mwendesha kinu, na mwendesha kinu mkuu, ambaye ndiye aongozaye kazi za wengine. Mkuu huyu amepewa mamlaka ya ajabu ambayo watu wengi hawayajui: dharura ikitokea, na utaratibu ulioandikwa ukawa hautoshi kuwakinga raia, anaweza kuidhinisha kuuacha utaratibu huo. Sheria inamtaka awe mtiifu, kisha inamtaka awe na akili ya kujua pale utii mtupu utakapowaangamiza watu.

Hapo ndipo ninapoona kwamba neno jukumu halitoshi. Jukumu laweza kubebwa na likatuliwa. Wajibu ni lazima itokayo nje, ambayo mtu huitimiza akaenda zake. Dhamana ni kujitia mwenyewe kuwa mdhamini, mtu akajua kwamba jambo likiharibika yeye ndiye atakayetafutwa. Mwendesha kinu hudhamini macho yake yasilale, ulimi wake useme kweli anapomkabidhi mwenzake zamu, kileo kisimkaribie, na maradhi yake yasifichwe kwa kuogopa kupoteza mshahara. Zaidi ya hayo hudhamini ujasiri wa kukizima kinu anapotia shaka, ingawa mwenye kinu atapata hasara na mji utakaa gizani. Hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote, na sheria isiyomlinda mtu aliyezima kwa nia njema haina haki ya kumwadhibu aliyeacha kuzima.

Sasa tuje kwenye marudi. Wazee wa pwani walipotaka kusema mtu ameonywa na kuadibiwa hata akanyoka, walisema amerudiwa; na marudi ni adhabu yenye kukusudia kumrejesha mtu njiani. Nalipenda neno hili kuliko hatua za nidhamu, maneno matatu yasemayo jambo dogo kuliko moja. Huko Marekani marudi ya mwendesha kinu yana ngazi: huanza na waraka wa kumjulisha kosa lake na kumtaka ajibu, hupanda kwenye faini, kisha leseni hubadilishwa masharti, husimamishwa kwa muda, au hufutwa kabisa, na mwenye kuvunja kanuni kwa makusudi hupelekwa mahakamani. Katika kila ngazi mtuhumiwa ana haki ya kusikizwa, kwa kuwa leseni hiyo ndiyo riziki yake.

Mfano mashuhuri ni wa kituo cha Peach Bottom, katika jimbo la Pennsylvania. Tarehe 31 Machi 1987 tume isimamiayo vinu vya Marekani iliamuru vinu vyake vizimwe, baada ya kudhihirika kwamba waendesha vinu walikuwa wakilala zamuni. Kinu hakikupasuka, wala hakuna aliyekufa. Lakini tume haikungoja maiti ndipo ihukumu. Kampuni ilitozwa faini ya dola milioni 1.25, na waendesha vinu nao wakatozwa faini kila mtu kwa jina lake. Naiona hukumu hiyo kuwa ya insafu, kwa kuwa wale wawili niliowatenganisha hapo juu, mwenye kinu na mwendesha kinu, kila mmoja alibeba sehemu yake: mmoja kwa kulala, na mwingine kwa kuacha kulala kukawa desturi.

Chernobyl ilikuwa kinyume chake. Kinu cha nne kilipolipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, lawama zilimiminwa juu ya waliokuwa zamuni, na ripoti ya kwanza ya washauri wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, iliyotoka mwaka ule ule, iliwatwika wao sehemu kubwa. Leonid Toptunov, kijana wa miaka 25 aliyekuwa mbele ya swichi, na Aleksandr Akimov, mkuu wa zamu, walikwisha kufa kwa mionzi mwezi wa Mei. Mwaka 1987 mkurugenzi Bryukhanov, mhandisi mkuu Fomin na naibu wake Dyatlov walihukumiwa kifungo cha miaka 10 kila mmoja. Ikafika mwaka 1992 washauri wale wale wakatoa ripoti nyingine, wakakiri kwamba kinu chenyewe kilikuwa na aibu katika maumbile yake: fimbo za kuzimia, zilipoteremshwa, ziliongeza nguvu ya kinu mwanzoni badala ya kuipunguza, na waendeshaji hawakuwa wameelezwa hatari hiyo ilivyo. Walibonyeza kitufe cha kuzima, na kuzima kukawasha. Kumdai mtu dhamana ya chombo ambacho aibu yake amefichwa ni dhuluma, na marudi ya namna hiyo hayamrudishi mtu yeyote.

Watu wa nyanda za kati wanaweza kulielewa neno hili pasipo kwenda mbali. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu katika mkoa huu wa Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda kilima ilirudi nyuma bila breki kuizuia, ikaigonga treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Kila msiba wa chombo kikubwa huzaa swali lile lile: je, tuulize mkono ulioshika usukani, au waliokitunza chombo, au waliokiruhusu kiondoke stesheni? Jibu la haki huwauliza wote, kila mtu kwa kadiri ya alichokijua na alichoweza kukizuia.

Majirani zetu wamekwisha kuingia katika safari hii. Kongo iliwasha kinu cha utafiti huko Kinshasa mwaka 1959, cha kwanza katika Afrika. Kenya ilitunga sheria ya kusimamia nyuklia mwaka 2019. Na huko Abu Dhabi, katika Ghuba iliyo na wasemaji wengi wa Kiswahili, kituo cha Barakah kina vinu vinne. Kwetu, dhamana hii kwa sasa imo mikononi mwa wafanyakazi wa eksirei na wa tiba ya saratani, wavaao beji za kupimia mionzi, ambao mpaka wao wa kawaida ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika muda wa miaka 5. Nao wanastahili kuambiwa kwa lugha yao nini wamekidhamini na watarudiwa vipi.

Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Nawasihi basi watunga kanuni, pamoja na Baraza la Kiswahili la Taifa, wayaandike mapema majina ya mwenye kinu, mwendesha kinu mwenye leseni, dhamana na marudi, pamoja na maana zake na mipaka yake, na wawaite mezani wale waliokwisha kufanya kazi na mionzi hospitalini na migodini, kabla leseni ya kwanza haijapigwa muhuri.