Historia Fupi ya Kuchora Reli ya Mezani



Tangu nistaafu nimekuwa nikijenga reli ndogo ya mfano, na baadhi yenu mmeniuliza mtu huanzia wapi kuichora. Swali hilo lina historia yake.

Mwaka 1891, katika maonyesho ya Leipzig, kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha reli ya kuchezea yenye umbo la nane, iliyotengenezwa kwa vipimo maalumu. Kwa muda mrefu baada ya hapo kuchora reli kulikuwa ni kuchora duara tu. Treni ilizunguka na kuzunguka, wala haikuwa na safari.

Aliyeleta fikra mpya ni Frank Ellison, Mmarekani wa New Orleans aliyewahi kufanya kazi ya tamthilia. Katika miaka ya 1940 aliandika kwamba reli ya mfano ni jukwaa: treni ndizo waigizaji, na ratiba ndiyo hadithi yenyewe. Kwa hiyo mchoraji ajiulize kwanza treni inatoka wapi, inakwenda wapi, na imebeba nini.

Mwenzake, John Allen wa Monterey, California, alishika njia nyingine. Yeye alitanguliza nchi. Alijenga milima kutoka sakafuni mpaka karibu na dari, kisha mtazamaji akaona kana kwamba reli imelazimika kutafuta njia humo. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Wa tatu ni John Armstrong, ambaye kitabu chake cha mwaka 1963 kinasomwa hadi leo. Alifundisha kuandika orodha mbili kabla ya kushika penseli ya kuchorea. Ya kwanza ni ya mambo yasiyobadilika: ukubwa wa chumba, mlango, fedha. Ya pili ni ya matamanio. Halafu ramani ya chumba igawanywe miraba ambayo ukubwa wake unatokana na kona kali kuliko zote treni inayoweza kupita. Mpango usioenea kwenye miraba hiyo hautaenea chumbani.

Nami nilifanya hesabu. Katika kipimo cha HO kila kitu hupunguzwa mara 87, hivyo kilometa 1 ya kweli huwa mita 11.5. Reli ya Kati, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ni zaidi ya kilometa 1,200. Mfano wake ungehitaji kilometa zipatazo 14! Chumba changu kina mita 4 kwa 3. Yaani kuchora reli, kwa hakika, ni kuamua nini kiachwe.

Nikaacha vyote isipokuwa Tabora. Reli ilifika hapo mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Hapo Ellison angefurahi, maana kila treni ina sababu ya kusimama: abiria wanashuka, mabehewa yanatenganishwa, haya ya ziwa hili, yale ya ziwa lile. Stesheni itakaa ubavuni mwa ukuta mrefu. Njia za Dar es Salaam, Kigoma na Mwanza zitapita nyuma ya ubao, na treni zitangoja huko zamu yao kama waigizaji nyuma ya pazia. Reli yenyewe itakuwa na upana wa milimita 12, inayokaribia kabisa ile ya mita 1 tuliyoizoea.

Kazi hii haifai kuahirishwa. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kwenda Dodoma kwenye reli mpya yenye upana wa milimita 1,435. Ni maendeleo, nami nayashangilia. Lakini stesheni za zamani zitabaki vichwani mwa watu kama sisi, na vichwa hivyo vinapungua kila mkutano.

Ramani za wahandisi huonyesha mataruma na madaraja. Hazionyeshi muuza karanga alikaa wapi, wala behewa la daraja la tatu lilisimama mkabala na mti gani. Basi, ndugu zangu, kila anayekumbuka achore stesheni kwa mkono wake, hata vibaya, aniletee kwenye mkutano. Tukihitilafiana tutabishana hapo hapo, kisha ndipo nitakapopiga misumari.