Darubini na Mikono Iitunzayo

Neno darubini limetujia kutoka Kiajemi: dur ni mbali, na bin ni kuona. Limekaa nasi hata ugeni wake umesahaulika, na wataalamu walipotafuta jina la chombo cha kuonea vilivyo vidogo mno, walilifuata umbo lake wakasema hadubini. Neno limekuwa mwenyeji, lakini chombo chenyewe bado twakitazama kama mali ya mgeni: kikiwa kizima twakiazima, kikiugua twakifungia kabatini. Makala haya yataka kuonyesha kuwa uhai wa darubini katika nchi yetu umetegemea utunzaji tangu mwanzo, na kwamba ujuzi huo wafaa uwe na lugha yake, nayo ni hii yetu.

Mwaka 1608 Hans Lippershey, mtengeneza miwani wa Middelburg, Uholanzi, aliomba hataza ya chombo cha kuonea mbali. Watawala wa nchi yake wakamtaka akitengeneze kiwe cha macho mawili. Mwaka 1854 Ignazio Porro wa Italia alibuni njia ya kuisimamisha wima taswira iliyopinduka kwa kuupitisha mwanga ndani ya miche ya kioo, na mwaka 1894 kiwanda cha Zeiss cha Jena, kwa elimu ya Ernst Abbe, kikaanza kuuza darubini ya mikono ya aina hiyo. Mabomba mawili, bawaba katikati, lenzi mbele, lenzi machoni, na miche iliyofichwa kati yao: basi umbo ndilo hilo hadi leo, na maradhi yake ni yale yale.

Ardhi yetu ilivionja vyombo vya namna hii mapema. Mwezi Juni 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walitoka Kaole, karibu na Bagamoyo, wakalifuata bonde la Kingani, mto tuuitao Ruvu, katika nchi ya Wazaramo. Walibeba saa za kupimia safari, vipimajoto na vyombo vingine vya thamani, vikiwa mabegani mwa wapagazi. Saa zikaharibika njiani, na Speke akalazimika kuhesabu sekunde kwa risasi iliyoning'inizwa kwenye uzi. Kipimajoto kibovu kiliwafanya waandike kuwa Ziwa Tanganyika liko futi 1,850 hivi juu ya bahari, ilhali liko mita 773, yaani kosa la mita 200 na zaidi. Chombo kilichokosa afya kilikuwa kimeidanganya ramani ya dunia.

Ukisimama leo Mbwawa, katika Kibaha, jirani na Kisarawe na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, utaelewa kwa nini. Masika yakiingia mwezi Machi, hewa hujaa maji, na nguo zilizofungiwa sandukuni hutoa koga. Kioo nacho huota kuvu. Kuvu hujilisha mafuta ya vidole na vumbi, hutandaza nyuzi mithili ya utando wa buibui, na hutoa asidi inayokila kioo. Alama hiyo haifutiki. Katika Vita vya Pili vya Dunia, darubini za majeshi ziliharibika hivyo New Guinea, hata wanasayansi wa Australia wakaitwa kutafuta dawa.

Nyumbani, kinga ni rahisi. Usiihifadhi darubini katika ala yake ya ngozi, kwa kuwa ngozi hunywa unyevu. Iweke katika kopo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vipakiti vya chembe za kukausha, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vikilowa hubadilishwa. Kabla ya kufuta lenzi, ondoa kwanza mchanga kwa kipulizio na brashi laini, maana chembe moja chini ya kitambaa ni sawa na msasa. Kisha lowesha kidogo kitambaa safi cha pamba, ufute kwa mzunguko kutoka katikati kwenda ukingoni. Kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi na kusuuzwa vyema yafaa kuliko karatasi ya chooni.

Darubini iliyoanguka ipime hivi: itazame paa la mbali au waya wa umeme. Mstari mmoja ukionekana miwili, au kichwa kikikuuma baada ya muda mfupi, mche umehama. Hapo bisibisi iwe mikononi mwa anayejua: kila skrubu itiwe alama kabla ya kuguswa, na bomba lililojazwa gesi kiwandani lisifunguliwe kabisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu wataka fundi mwenye subira. Viambatisho havina ugumu huo. Mpira wa machoni uliopasuka waweza kuzibwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na mkanda uliokatika ni kazi ya fundi viatu.

Msomaji mpenzi, mlinzi wa msitu au kijana anayewatembeza watazamaji wa ndege huenda hana ila darubini moja, tena ya mtumba. Ikifa kwa kuvu, jicho lake limekwenda, na kazi yake pamoja nalo. Maelezo yanayokuja na chombo hicho kwa kawaida ni ya lugha za mbali. Bawaba, mche, ala, skrubu, kuvu: maneno twayo tayari. Lililobaki ni kuyaandika kwenye karatasi moja na kuitia ndani ya kopo, chini ya kifuniko, atakayerithi darubini airithi na maarifa yake.