Nyumba ya Karen iliyoishtaki Serikali kwa ajili ya watoto

Tangu Marekani isimamishe misaada yake ya nje Januari 2025, swali la nani amlipie mtoto wa Kenya dawa za ARV limezuka upya. Ndani ya ua wa Nyumbani, makao ya watoto wenye virusi vya ukimwi yaliyoko Karen, Nairobi, swali hilo ni la zamani. Makao haya yamewahi kugombana na kampuni kubwa za dawa, kisha yakagombana na Serikali yenyewe, na mara zote mbili yalikuwa upande wa haki.

Mwanzilishi wake, Padri Angelo D'Agostino, alikuwa Mjesuiti kutoka Marekani, daktari wa upasuaji aliyegeukia tiba ya magonjwa ya akili. Kilichomleta Afrika Mashariki ni kazi ya wakimbizi. Akiwa Nairobi, aliingia katika bodi ya makao ya watoto ambayo hayakutaka kupokea wachanga waliopimwa na kukutwa na virusi. Alipendekeza watafutiwe mahali pao, wenzake wasikubali. Basi Septemba 1992, akiwa na umri wa miaka 66, akafungua Nyumbani yeye mwenyewe, pamoja na Sista Mary Owens. Walianza na watoto watatu.

Jambo lililokuwa halijulikani kwa wengi wakati huo ni kwamba kipimo cha kawaida humnasa mama kabla ya mtoto. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake, na zinaweza kukaa mwilini mwake hadi mwaka na nusu. Kwa hiyo wengi wa wachanga waliotupwa kwa kudhaniwa wagonjwa hawakuwa na virusi kamwe. Walihitaji maziwa, joto na mtu wa kuwasubiri, kisha familia ya kuwaasili. Ni uchungu kufikiria ni wangapi walikataliwa kwingine kabla subira hiyo haijapatikana.

Wale waliokuwa na virusi kweli walizikwa, mmoja baada ya mwingine. Dawa zilikuwepo Ulaya na Marekani, lakini matibabu ya mgonjwa mmoja yaligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Mapema mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwa ingeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. D'Agostino hakungoja ruhusa ya wenye hataza. Alitangaza hadharani kwamba Nyumbani ingeagiza dawa hizo za bei nafuu, hataza au bila hataza. Mwaka huohuo Bunge la Kenya likapitisha Sheria ya Mali ya Viwandani, iliyofungua njia ya kuingiza dawa nafuu nchini.

Watoto wakaanza kunenepa na kukimbia. Na mtoto anayekimbia lazima aende shule.

Januari 2003 Serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki ilifuta karo katika shule za msingi za umma. Kenya nzima ilishangilia, watoto wakafurika madarasani. Watoto wa Nyumbani walipopelekwa kuandikishwa, shule zikasema zimejaa. Ziliwezaje kujaa kwa watoto hawa tu, ilhali wengine walikuwa wakipokewa? Wazazi wa wanafunzi wengine waliogopa, na badala ya kuwaelimisha, wakubwa wa elimu waliiacha hofu hiyo iamue nani asome. Nyumbani ikaenda Mahakama Kuu. Kesi haikufika hukumuni: Januari 2004 Serikali ilikubali nje ya mahakama kwamba watoto hao wapokewe katika shule za umma. Fikiria yatima wa darasa la kwanza akilazimika kutafuta wakili ili apate dawati. Miaka miwili baadaye, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 ilikataza wazi ubaguzi wa namna hiyo shuleni.

Kazi ya Nyumbani haikuishia Karen. Mradi wa Lea Toto, ulioanza 1998, uliwahudumia watoto wakiwa kwa jamaa zao katika mitaa ya mabanda kama Kangemi na Kibera. Mwaka 2006 kilifunguliwa kijiji cha Nyumbani huko Kitui, kwenye ekari zipatazo 1,000, ambako bibi wazee, masusu kwa Kikamba, wanaishi na mayatima kama kaya moja: susu mmoja, watoto takriban kumi. Padri alifariki Nairobi Novemba mwaka huo.

Tangu hapo Serikali imeandika sera nzuri, ukiwemo mkakati wa 2022 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia. Siupingi. Ila familia maskini inayompokea mtoto mwenye virusi inahitaji dawa zisizokatika, na kwa muda mrefu mno tumeuachia mfuko wa mgeni mzigo huo. Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulitangaza kuwa matibabu ya kawaida ya mtu mzima yameshuka chini ya dola 45 kwa mwaka. Hazina ya Taifa inaweza kutenga fedha hizo katika bajeti, kwa kifungu chake chenyewe, kabla rafu za dawa hazijawa tupu.